Sikio langu halinyamazi, na mjomba anataka nirithi muziki

BARUA

Mama, shikamoo.

Naomba usiandike jina langu, maana Mbagala tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, nina mke na mtoto wa kiume wa miezi saba. Kazi yangu ni fundi mitambo wa muziki wa kukodi: harusi, singo, mahafali, na vile vigodoro vya mtaani vinavyokesha. Muziki wenyewe ni wa mjomba, mdogo wake mama. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mjomba ndiye aliyenisomesha kwa hela za mchiriku. Enzi hizo alikuwa na kinanda kidogo cha Casio na honi mbili alizokuwa anazifunga juu ya mwembe. Utotoni nimelala sana juu ya maboksi ya spika, muziki unalia. Watu walikuwa wanacheka, wanasema huyu mtoto hata radi ikipiga haamki.

Mwezi wa sita mwaka jana tulipiga Buza. Spika moja ya besi ilikuwa inakatakata, nikachuchumaa pembeni yake karibu usiku mzima, bisibisi mkononi, sikio la kushoto likiwa limeielekea, singeli inaenda kwa kasi ile unayoijua. Tulifunga karibu na adhana ya alfajiri. Kwenye kirikuu, tukirudi nyumbani, masikio yote mawili yalikuwa yameziba kama nimetoka kuzamia baharini. Hilo halikunishtua, kwetu ni jambo la kila wiki. Unalala, ukiamka yamefunguka. Safari hii la kulia lilifunguka. La kushoto likabaki na mlio, nziiiii, kama nyenje ameingia ndani akakataa kutoka. Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo.

Nimehangaika, mama. Jirani alisema sikio likilia kuna mtu anakusema. Bibi yangu akamjibu, ni nani huyo asiyechoka kusema mtu usiku na mchana? Mama mkwe alinipashia mafuta ya nazi na kitunguu saumu akanidondoshea. Duka la dawa nimenunua dawa za matone chupa tatu. Nilikwenda zahanati, daktari akanimulika na tochi, akasema sikio zima, akaniandikia vidonge vya siku tano. Niliporudi kumwambia bado linalia akaniambia, "Hiyo utazoea tu." Nikatoka nimeishiwa nguvu.

Mchana nasahau kidogo kwa sababu ya makelele ya mjini. Usiku ndiyo kazi. Nyumba ikitulia, mlio unapanda. Nawasha redio kando ya kitanda, mke wangu analalamika mtoto anaamka. Kuna usiku nimekaa uani hadi saa kumi nikitamani nisiamke tena, si kwamba nataka kufa, nataka kimya tu.

Kuna mengine nimeanza kuyaona ambayo sijamwambia mtu. Nikilalia sikio la kulia simsikii mtoto akilia. Siku ya kwanza nilipogundua hilo niligeukia ukuta nikalia mimi. Pia ma-MC wawili wamelalamika kwamba natia trebo, zile sauti nyembamba, mpaka muziki unachana masikio. Mimi naona iko sawa, na mjomba naye ananitetea, anasema iko sawa kabisa. Na juzi mzee mmoja wa barazani alinisemesha nikapita bila kuitika. Sikumsikia. Akaenda kumwambia mjomba kwamba kijana wako siku hizi anajisikia.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Mjomba ana sukari na mguu unamsumbua, hawezi tena kukesha. Ameniambia muziki ananiachia mimi. Mwisho wa mwezi huu tunatakiwa tukasaini mkopo tuongeze spika za besi, kutoka nne ziwe nane, kwa sababu wapinzani wetu wa Tandika wanatufunika. Ameshatoa na kishika uchumba kwa muuzaji. Na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 15, kila Jumamosi anakuja kunisaidia kubeba nyaya na anakaa palepale nilipokuwa nakaa mimi.

Mke wangu anasema niache, ninunue bajaji ya mkataba. Nikimwambia mjomba ukweli nitaonekana namtupa akiwa mgonjwa, yeye ambaye hakunitupa. Nikikaa kimya nikasaini, nahisi nitakuwa nimesaini uziwi wangu. Kila nikisikia ile methali ya sikio la kufa halisikii dawa, naona kama wananitaja mimi.

Mama, hii ina dawa? Nitakuwa kiziwi? Niache kazi? Na mjomba nimwanzeje?

Fundi asiyelala, Mbagala

JIBU

Marahaba, mwanangu. Naanza na maneno uliyoyaficha katikati ya barua: kwamba kuna usiku umekaa uani ukitamani usiamke. Umeeleza vizuri kwamba unatamani kimya, si kifo, na nakuamini. Baadhi ya wenye mlio wa masikio hufika hapo, hasa miezi ya mwanzo, wakiwa hawalali. Lakini maneno hayo usiyabebe peke yako. Mwambie mkeo leo, kama ulivyoniambia mimi. Na ikitokea usiku mmoja ukatamani kufa kweli, usingoje kuche. Muamshe mkeo akupeleke hospitali. Huko mwambie daktari hilo kwanza, kabla hujamwambia habari ya sikio.

Baba yangu alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, mkoani Tanga. Ukiwahi kusimama karibu na korona ikisaga majani, unajua ule si mlio, ni ukuta. Alipostaafu, watu wa mtaani walimwona ana kiburi, maana alikuwa haitikii salamu. Mama alikuwa anatembea ubavuni kwake akimnong'oneza, "Umeamkiwa." Hakuna aliyewahi kumpima masikio, na sisi watoto tulidhani ndivyo wazee walivyo. Kwa hiyo niliposoma habari ya mzee wako wa barazani nilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Umeniletea mambo matatu yakiwa yamefungwa kwenye furushi moja: mlio wenyewe, usikivu unaohisi unapungua, na mkopo wa mjomba. Yanagusana, lakini nakuomba tuyafungue, kwa sababu nadhani hofu ya moja imepaka rangi mengine yote.

Mlio kwanza. Wewe ni fundi, utanielewa kuliko wengi. Mtu mwenye sauti hafifu akishika maiki, unafanyaje? Unaongeza sauti kwenye mikisa. Ukizidi kuongeza, unaanza kusikia "shhhh" ya mitambo yenyewe, ambayo siku zote ilikuwepo. Wataalamu wengi wanaueleza mlio wa masikio hivyohivyo. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, na ndani yake seli zenye vinyweleo vidogo mno, kama 15,000 kwa kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha. Ndiyo yale masikio yaliyoziba kwenye kirikuu. Ukizichosha kupita kiasi, hufa. Ndege na samaki zao huota upya. Za binadamu hazioti. Ubongo ukikosa taarifa uliyozoea kutoka upande fulani, unajiongezea sauti wenyewe, na unachosikia ni shhhh yake. Hakuna nyenje, na hakuna anayekusema.

Na seli zinazopokea sauti nyembamba zimekaa mlangoni pa konokono huyo, nazo ndizo kelele huanza kuziumiza. Nadhani umeshaelewa ninakoelekea. Fundi aliyepungukiwa na trebo masikioni huiongeza kwenye mikisa ili aisikie kama zamani. Wale ma-MC huenda hawakuwa na nia mbaya.

Umeuliza kama utakuwa kiziwi. Hapa naomba nilitikise kidogo wazo lako. Mlio hauli usikivu. Ni dalili tu. Na madhara ya kelele, kwa kawaida, hayaendelei kuongezeka kelele ikishakoma. Kinachofuata kinategemea sana utakavyoyatunza masikio uliyonayo leo. Lakini mimi siwezi kukwambia umepoteza kiasi gani, wala tochi ya zahanati haiwezi. Tochi inaona mfereji na ngoma ya sikio. Konokono yuko nyuma yake. Kinachopima huko ni kipimo cha usikivu: unakaa kwenye chumba kisicho na kelele, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila usikiapo mlio mdogo, na mwisho unapewa mchoro wa kila sikio. Omba rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa wewe wa Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili wanayo. Wasomaji wa kaskazini wana KCMC pale Moshi, na wa Kanda ya Ziwa wana Bugando. Usiende asubuhi ya kuamkia shughuli, maana masikio yaliyochoka yatatoa majibu ya uongo. Yapumzishe angalau siku moja.

Kuna sababu nyingine ya kunifanya nikusisitizie kipimo. Umeshaamua kwamba ni ile spika ya Buza, na huenda ni kweli. Lakini mlio wa sikio moja tu madaktari huuchunguza zaidi, kwa sababu mara chache huwa kuna uvimbe, usio saratani, kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Mara nyingi hawaukuti. Wanataka tu kuuondoa kwenye orodha. Wataangalia pia nta, shinikizo la damu, na dawa ulizowahi kutumia. Wasomaji wangu wa rika langu wanaikumbuka kwinini, jinsi ulivyokuwa ukiinywa kwa malaria masikio yakaanza kuvuma. Sindano za gentamaisini na aspirini nyingi nazo zinaweza kufanya hivyo. Kwa hiyo usiende na jibu mfukoni. Mweleze daktari yote, na hayo mafuta ya kitunguu saumu usiyaonee aibu. Sina ugomvi na mama mkwe, alikupa alichokuwa nacho kwa upendo. Ila kama ngoma ya sikio ina tundu, mafuta hupita yakaingia pasipotakiwa. Yaache kwa sasa, na pamba za vijiti pia.

Kwa wengine wanaosoma hapa: ukiamka sikio limezima ghafla, au mlio unapiga pamoja na mapigo ya moyo, au unakuja na kizunguzungu kikali au uso kulegea upande mmoja, hilo si la kuandikia barua. Usikivu unaopotea ghafla ni dharura. Kuna dawa za kujaribu, na nafasi yake ni siku za mwanzo.

Je, ina dawa? Nitakwambia kweli, kwa kuwa kuna watu watakuuzia uongo. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuzima mlio huu. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 ulishauri watu wasipewe ginkgo (dawa ya mitishamba), melatonini wala zinki kwa ajili yake. Ukikutana na chupa hizo mtandaoni, hela hiyo mnunulie mtoto maziwa. Lakini kukosa dawa ya kuuzima si kukosa msaada. Mtu aliyepungukiwa usikivu akivaa kifaa cha kusaidia kusikia, mara nyingi mlio nao unarudi nyuma, kwa sababu ubongo umerudishiwa ulichokuwa unakitafuta. Kuna pia tiba ya mazungumzo ya kubadili namna unavyoupokea mlio. Imeonyesha kupunguza mateso hata pale sauti yenyewe inapobaki palepale.

Yule daktari aliyesema "utazoea" alikunyima maelezo tu. Neno lenyewe lina ukweli. Ubongo una tabia ya kuacha kusikiliza kitu ukishaamini si hatari, kama unavyoacha kulisikia friji la jirani. Unachelewa kuacha pale unapokiogopa. Utafiti uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya watu wazima milioni 740 duniani wana mlio wa aina hii, kama 14 katika kila 100. Wanaoteseka sana ni kama watu wazima 2 katika kila 100. Baadhi ya hao wengine wenye mlio huenda waliwahi kuwa na usiku kama wako.

Redio yako ni wazo zuri, na mkeo naye ana haki. Siri ni kwamba huhitaji kuufunika mlio. Sauti iwe chini yake kidogo, kiasi kwamba unausikia bado lakini hauko peke yake chumbani. Feni inatosha. Au sauti ya mvua kutoka kwenye simu, ukiiweka karibu na mto upande wako. Wenye watoto wachanga wanajua kwamba mvua haimwamshi mtoto. Kinachomwamsha ni mtangazaji wa redio. Na zamu ya kumsikiliza mtoto usiku, semezaneni nani alale upande gani, ili usilale ukilinda sikio lako zima kama askari.

Sasa kazi. Nimegundua kwamba wewe na mkeo mmeweka njia mbili tu mezani, kubaki kama ulivyo au kuondoka kabisa.

Kubaki kama ulivyo, nitakuwekea hesabu tu. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anaweza kukaa nayo saa 40 kwa wiki bila kujiumiza. Ikiwa 90, ni saa 4 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kando ya spika za kigodoro, 100 inapitwa kirahisi. Na hapa ndipo lilipo la mkopo: kuongeza spika kutoka nne hadi nane kunaongeza angalau desibeli 3. Watu wa nyuma wataona muziki umepanda kidogo tu. Wewe uliyekaa mbele, muda wako salama umeshakatwa nusu, na wa yule kijana pia.

Kuondoka nako kuna gharama zake. Mlio unaweza usiondoke na kazi. Ukae nao ndani ya bajaji, kwenye foleni ya Mbagala, injini ikinguruma chini ya kiti, ukiwa umeacha ufundi wa miaka ishirini. Mkeo anaona mume asiyelala, na anashika kamba iliyo karibu. Msikilize, na umuulize: anaogopa kazi, au anaogopa kukupoteza? Labda hajaulizwa.

Katikati kuna njia ambayo haijatajwa kwenye barua. Chris Martin, mwimbaji wa kundi la Coldplay la Uingereza, amesema hadharani kwamba ana mlio wa masikio kwa miaka mingi, na bado yuko jukwaani kwa sababu anajikinga. Kuna vizibo vya sponji vya masikio, vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama vya mafundi ujenzi, bei yake ndogo. Kikivaliwa sawasawa hupunguza desibeli 20 au zaidi. Sawasawa maana yake ni hii: unakisokota kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, unakishikilia nusu dakika kivimbe. Kikibaki kinaning'inia nje kama sigara hakijakinga kitu. Pamba na karatasi ya chooni ni kujidanganya.

Najua utasema, nikiziba nitachanganyaje muziki? Ni kweli, sponji hukata trebo kuliko besi. Ndiyo maana wanamuziki wana vizibo vyao vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote kwa kiwango kinacholingana, kama kushusha kitelezi kikuu bila kugusa vingine. Ni ghali zaidi na huenda ukaviagiza, lakini vilinganishe na bei ya spika moja ya besi. Halafu kuna mambo yasiyo na bei. Mikisa isogezwe, uwanja ukiwa wazi, ukizidisha umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6. Spika zinyanyuliwe ziwapigie watu wa nyuma badala ya kumpasua aliye mbele. Spika ikikatakata, izimwe ndipo itengenezwe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani wa sauti kwa kila dakika 15 usizidi desibeli 100, sauti iwe inapimwa, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Fundi anayepima sauti kwa simu yake ana kitu cha kumwonyesha mteja, na hata mtu wa NEMC, chombo cha serikali cha mazingira, akija na kanuni za kelele za mwaka 2015. Hatari ya njia hii ni kwamba inataka nidhamu ya kila wiki, na usiku wa saa nane, shughuli imekolea, nidhamu ndiyo ya kwanza kuchoka. Na usije ukageuka ukavaa vizibo kutwa nzima, hata sokoni. Ubongo ukinyimwa sauti zote utaongeza tena ile shhhh.

Nimeacha mjomba mwisho kwa sababu ndiye mzito. Umeandika kwamba kumwambia ni kumtupa. Una uhakika? Mjomba amepiga muziki kabla hujazaliwa, chini ya honi mbili za mwembeni. Watu wawili wanakwambia trebo inachana, yeye peke yake anasema iko sawa kabisa. Siwezi kumpima kwa barua, na huenda anakutetea tu kwa mapenzi. Lakini nimejiuliza, na nawe jiulize: mjomba mwenyewe anasikiaje? Usiku kukiwa kimya, yeye anasikia nini? Huenda mtu ambaye angekuelewa kuliko sote ndiye unayemficha.

Namna ya kumwanza, wewe unamjua. Mimi ningetafuta asubuhi ambayo hamna kazi, ningemsalimu na kumuuliza habari ya mguu kwanza, kisha ningeanza na swali hilo la masikio yake kabla ya yangu. Unaweza kumwomba saini isogezwe hadi majibu ya kipimo yatoke. Inawezekana akaudhika, na kishika uchumba kikapotea. Hilo ni la kweli na lina uzito. Upande wa pili, ukisaini ukiwa kimya, siku ukishindwa kukesha deni litakuwa la wote wawili, na yeye atajua ulikuwa unajua. Inawezekana pia akasema hela hiyo ifanye kitu kingine, stendi, vizibo, mikisa bora. Au akatae yote. Sijui, na wewe pia hujui bado.

Mtoto wa kaka yako yuko tofauti kidogo na haya mengine, kwa kuwa ana miaka 15 na hakuna aliyemuuliza. Nyaya zinaweza kubebwa bila mtu kukaa pale.

Ile methali husemwa kwa asiyetaka kuambiwa. Wewe umehangaika miezi minane ukitafuta wa kukwambia. Ukishapata mchoro wako niandikie, hata kama majibu si uliyoyapenda. Na yule mzee wa barazani mpitie jioni moja kabla hata ya hospitali. Kaa ubavuni kwake ili sikio la kulia limwelekee, umwamkie wewe kwanza, kisha umweleze kwa nini siku ile hukuitika.